Winga wangu anajitonesha paja kila akirudi uwanjani: apumzike wiki ngapi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni kocha wa timu inayocheza ligi ya mkoa hapa Morogoro. Nina winga wa miaka 22, ndiye mwenye kasi kuliko wote. Mwezi wa tatu alikuwa anaukimbilia mpira mrefu, ghafla akashika paja kwa nyuma, akasema ni kama amepigwa jiwe. Tulimchua kwa dawa ya moto, akachomwa sindano ya maumivu, akapumzika wiki mbili hadi maumivu yakaisha kabisa. Aliporudi hakumaliza nusu saa. Tukampa wiki tatu, na juzi kajitonesha tena palepale, japo safari hii hachechemei sana. Apumzike wiki ngapi? Wengine wanasema akapige MRI, ile picha ya ndani ya mwili, Dar, wengine wanasema mguu huo umekwisha, aache mpira. Na hawa wenzake nitawakingaje? Gym hatuna, tuna uwanja na mipira tu.

JIBU: Mwalimu, pole na majukumu, na kijana umfikishie pole yangu. Kuumia palepale mara tatu kunamvunja mtu moyo kuliko jeraha lenyewe.

Katika maelezo yako kuna maneno manne yaliyonisimamisha: "hadi maumivu yakaisha kabisa". Maumivu ya paja huisha mapema kuliko jeraha. Baada ya siku kumi hivi kijana anatembea vizuri, anapanda ngazi, anazunguka uwanja taratibu bila kushtuka, na kila mtu anaamini amepona. Lakini kutembea na kukimbia taratibu haviigusi kabisa ile kazi iliyomuumiza.

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa kukalia na kushuka hadi chini ya goti. Mtu anapokimbia kwa kasi yake yote, mguu unarushwa mbele kama fyekeo, na kabla unyayo haujagusa chini, misuli hiyo ndiyo breki ya kuuzuia. Inavuta huku inavutwa, na imenyooka karibu mwisho wa urefu wake. Hapo ndipo inapochanika, mara nyingi ule msuli wa upande wa nje unaoitwa biseps femoris.

Sasa tazama alichofanyiwa, kwa nia njema kabisa. Msuli uliochanika huzibwa na kovu, na kovu changa hupata uimara kwa kuvutwa kidogo kidogo. Mchezaji akikaa tu, kovu linabaki dhaifu na msuli mzima unapoteza nguvu, hasa nguvu ya kuvuta ukiwa umenyooka. Baada ya wiki mbili amerudi na breki mbovu kuliko aliyokuwa nayo siku ya kwanza, halafu akakutana na mpira mrefu uleule. Wiki tatu hazikubadilisha kitu. Ndiyo maana sitakupa idadi ya wiki: akipumzika miezi mitatu bila kufanyishwa kazi, atarudi na kuumia vilevile.

Jeraha hili linazitesa hata klabu kubwa. Katika uchunguzi wa majeraha wa UEFA unaofuatilia klabu za juu za Ulaya tangu 2001, majeraha ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na yakafika asilimia 24 msimu wa 2021/22. Kati ya waliojitonesha, zaidi ya theluthi mbili walijitonesha ndani ya miezi miwili tangu warudi uwanjani. Na hao wana madaktari, mashine na mabwawa ya kuogelea.

Kabla ya zoezi lolote, mkague. Alale kifudifudi, umbonyeze kwa vidole viwili kuanzia mfupa wa kukalia ukishuka taratibu hadi karibu na goti. Pima kwa upana wa vidole: eneo linalouma lina vidole vingapi, na liko umbali gani kutoka kwenye ule mfupa. Andika. Kisha alale chali, unyanyue mguu mzima ukiwa umenyooka hadi aseme "hapo", halafu ufanye hivyo kwa mguu wa pili. Tofauti kati ya miguu miwili iandike pia. Mwisho alale tena kifudifudi, akunje goti huku wewe unamzuia kwa mkono kwenye kisigino, uone kama nguvu zinalingana. Rudia kila baada ya siku tatu. Hicho ndicho kipimo chako, na hakihitaji umeme.

Ila kuna hali ambazo usijaribu kuzitibu uwanjani. Kama aliposhtuka alisikia kitu kimekatika juu kabisa karibu na tako, kama hawezi kutembea, kama damu imevilia sana na ukigusa unahisi shimo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Inawezekana msuli umeng'oka kwenye mfupa, na baadhi ya hao huhitaji upasuaji. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 kuwa mwangalifu zaidi, maana kwao kipande cha mfupa chenyewe ndicho huweza kung'oka. Na kama maumivu yanashuka hadi kwenye unyayo kwa ganzi, au yanazidi akikaa kuliko akikimbia, huenda chanzo ni mgongo, wala msuli hauna kosa.

Kuhusu MRI: kama hana dalili hizo, hifadhini nauli. Utafiti wa Qatar uliochapishwa 2015, wa wanamichezo 180, ulipima kama picha inasaidia kutabiri siku ya kurudi mchezoni. Baada ya maelezo ya mchezaji na ukaguzi wa mikono, MRI iliongeza chini ya asilimia 3 tu ya uwezo wa kutabiri. Mwaka 2014 watafiti wengine waliwapiga picha wachezaji ambao walikuwa wameshapona kwa vipimo vyote, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa bado wanaonyesha alama ya jeraha. Ukisubiri picha isafike, utasubiri bure.

Nirudi kwenye sindano na dawa ya moto. Siku mbili tatu za mwanzo msimchue kwa nguvu wala kumpaka chochote cha moto, maana mnachochea damu kuvuja ndani ya msuli. Fungeni bandeji, wekeni barafu dakika kumi au kumi na tano kama inampa nafuu, atembee kadiri awezavyo bila kuchechemea. Sindano ya maumivu kabla ya mechi naikataa kabisa kwa jeraha la namna hii. Inaziba mdomo wa kitu pekee kinachokuonya.

Kisha kazi ianze, na ianze mapema. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wanamichezo 50 wa ridhaa waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu. Kundi moja lilianza mazoezi ya tiba siku 2 baada ya kuumia, lingine siku 9. La kwanza lilirudi mchezoni kwa takriban siku 63, la pili 83. Wiki moja ya kusubiri iligharimu karibu wiki tatu. Huo ndio utafiti ninaowasomea makocha kuliko wote.

Aina ya zoezi nayo ina uzito wake. Nchini Sweden, mwaka 2013, wanasoka 75 waligawanywa: wengine wakafanya mazoezi ya kawaida ya nyuma ya paja, wengine mazoezi yanayoulazimisha msuli kufanya kazi ukiwa umerefuka. Kundi la kawaida lilichukua wastani wa siku 51, la pili siku 28. Mazoezi yenyewe ni matatu. La kwanza, analala chali, anashika paja likiwa limesimama wima, kisha ananyoosha goti polepole na kusimama kabla maumivu hayajaanza: raundi 3 za mara 12, mara mbili kwa siku. La pili, anasimama kwa mguu ulioumia, anainama mbele mikono imenyooshwa na mguu mwingine ukienda nyuma, kama ndege inayotua: raundi 3 za mara 6, kila baada ya siku moja. La tatu linataka soksi na sakafu laini ya saruji. Anashika nguzo, anaweka uzito wote kwenye kisigino cha mguu ulioumia, goti limekunjwa kidogo, na mguu usio na jeraha, wenye soksi, unateleza kwenda nyuma hadi kabla ya maumivu. Kurudi anajivuta kwa mikono. Raundi 3 za mara 4, kila siku ya tatu. Wasweden walianza siku ya tano. Kijana wako akishatembea bila kuchechemea, naye aanze.

Usipeleke siku 28 kwa viongozi wa timu kama ahadi. Majeraha hayalingani, na lake ni la tatu.

Mbio ndizo sehemu ambayo timu nyingi zinairuka. Mchezaji anatoka kwenye kukimbia taratibu, anaingia moja kwa moja kwenye mechi. Weka alama uwanjani mita 60: 20 za kuongeza kasi, 20 za kuishikilia, 20 za kupunguza. Aanze nusu ya kasi yake, mara sita au nane, siku moja kazi siku moja mapumziko. Kesho yake asubuhi mbonyeze tena palepale. Kama hakuna kilichoongezeka, panda kidogo. Akifika asilimia 80 nenda polepole zaidi, kwa sababu mzigo wa misuli hiyo hupanda kwa kasi sana kuanzia hapo. Asirudi mechi kabla hajakimbia kwa kasi yake yote mazoezini, siku zaidi ya moja, na mpira miguuni.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimruhusu beki mmoja wa pembeni kwa sababu siku 21 zilikuwa zimetimia kwenye daftari langu. Nguvu zilikuwa sawa, kubonyeza hakuumi. Kipindi cha pili nilimwona anachelewa kuinuka. Tangu siku hiyo nimeongeza kipimo kimoja alichokibuni Carl Askling, mtafiti yuleyule wa mazoezi ya Sweden, nacho hufanywa mwisho baada ya vingine vyote kupita. Mchezaji analala chali, mguu mmoja umetulia chini, goti la mguu unaopimwa limefungwa lisikunjike. Kwa uwanjani mbao nyembamba na bandeji zinatosha. Anaambiwa arushe mguu juu kwa kasi yote aliyonayo, mara tatu. Anza na mguu usio na jeraha.

Mtazame usoni. Mguu usio na jeraha ataurusha kama anapiga mpira. Ukifika ulioumia, kama bado, utaona: anavuta pumzi kwanza, mguu unapanda vizuri hadi katikati halafu unajipunguza wenyewe, na mkono wake unakwenda pajani bila yeye kujua. Ukimuuliza atakwambia haumi, na anasema kweli. Lakini mwili umekataa. Huyo harudi wiki hii. Anaongezewa kazi, anapimwa tena baada ya siku chache.

Sasa wenzake. Zoezi moja nisingependa timu yoyote ilikose ni la Nordic. Mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi au mkeka, mwenzake anamkandamiza vifundo vya miguu. Anajiachia mbele, mwili umenyooka kama mlingoti kuanzia goti hadi kichwa, polepole kadiri anavyoweza kujizuia, akishindwa anajidaka kwa mikono. Denmark walilijaribu kwa timu 50 zenye wachezaji 942, wakachapisha 2011: timu zilizolifanya zilipata majeraha 15 ya nyuma ya paja, zisizolifanya 52. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, raundi 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, raundi 2 za mara 6. Ya tatu siku tatu, raundi 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne mara 8 hadi 10. Kuanzia ya tano hadi ya kumi raundi tatu za mara 12, 10 na 8, kisha mara moja kwa wiki msimu mzima. Wiki ya kwanza watalalamika miguu imekaza, na ukiharakisha watakuchukia wewe na zoezi. Lifanyeni mwisho wa mazoezi, kamwe siyo siku moja kabla ya mechi.

Lingine ni FIFA 11+, utaratibu wa kupasha misuli wa dakika 20 wenye mazoezi 15, na Nordic imo ndani yake. Jijini Lagos lilijaribiwa kwa timu 20 za vijana, wachezaji 416, na matokeo ya 2014 yalionyesha majeraha kupungua kwa asilimia 41. Naupenda mfano huo kwa sababu ni mpira wa Afrika, wa vijana, kama wako. Liweke mahali pa zile mbio za kuzunguka uwanja mara kumi.

Kuhusu kuacha mpira, mwambie hapana. Ana miaka 22 na hajawahi kutibiwa jeraha hili, alipumzishwa tu. Ila ajue kwamba aliyewahi kuumia ana hatari kubwa kuliko wenzake, hivyo Nordic ya kila wiki kwake ni kama kuvaa viatu, hadi siku atakapostaafu. Mkague leo jioni, kisha niandikie mambo mawili: eneo linalouma liko vidole vingapi kutoka mfupa wa kukalia, na mguu ulioumia unapungukiwa kiasi gani ukinyanyuliwa. Tutapanga wiki yake ya kwanza kutokea hapo.