Kabla ya hotuba za John Adams, soma kesi zake

Wadogo zangu mlioanza mafunzo ya uwakili wiki hii, mmoja wenu aliniuliza jana rais wa pili wa Marekani anafanya nini juu ya meza yangu, katikati ya mafaili. Kwangu mimi huyu ni wakili mwenzetu. Urais, wa 1797 hadi 1801, ulimkuta ameshakomaa mahakamani, na siasa zake ukizisoma bila kesi zake utaziona kama mahubiri tu.

Anzeni na kesi aliyoshindwa. Mwishoni mwa 1758 alikuwa na miaka 23, amerudi kwao Braintree, Massachusetts, baada ya kusomea sheria kwa wakili James Putnam kule Worcester huku akifundisha shule apate riziki. Farasi wa Luke Lambert waliingia kwenye shamba la Joseph Field. Field akawakamata, Lambert akaja akawachukua bila kulipa uharibifu. Kesi ya kumaliza asubuhi moja! Adams akamwandikia Field hati, akasahau kutaja kaunti. Hati ikatupwa. Kwenye shajara yake alihofu watu watasema kesi imemshinda, na lawama nyingine akambebesha Putnam kwamba alimpuuza.

Namwelewa. Mwaka wangu wa kwanza niliacha tarehe kwenye uthibitisho wa hati ya madai. Upande wa pili wakaleta pingamizi la awali, likapita, nami nikabaki kwenye korido natafuta maneno ya kumwambia mzee aliyeuza mbuzi apate ada yangu.

Sasa tazameni kosa la namna ile linamfundisha mtu nini. Mwaka 1761 Adams alikaa mahakamani Boston akiandika maelezo wakati wakili James Otis akipinga hati za upekuzi zilizowaruhusu maofisa wa forodha kuingia nyumba yoyote kutafuta magendo, bila kutaja nyumba ya nani. Hati ya farasi ilitupwa kwa neno moja lililopungua. Hati ya serikali haikutaja chochote na bado ilivunja milango. Otis alishindwa. Lakini Adams alipoandika rasimu ya katiba ya Massachusetts, iliyopitishwa 1780, aliweka kifungu kwamba hati ya upekuzi iwe na kiapo nyuma yake na imtaje mtu au kitu kinachotafutwa.

Ya Machi 5, 1770 mtakuwa mmeisikia: askari wa Uingereza walifyatua risasi Boston, watu watano wakafa, na Adams akakubali kuwatetea. Wengi husifia ujasiri wake. Mimi nasifia alivyouchambua ushahidi: nani alikuwa na rungu, nani alirusha barafu, askari yupi alionekana akifyatua. Kapteni Preston, mkuu wa askari hao, aliachiwa. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa, wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakapigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba. Na Boston ilikuwa imeshamchagua bungeni Juni ile, kesi haijasikilizwa.

Ilipokuja habari kwamba mfalme wa Uingereza ndiye atakayewalipa majaji wa Massachusetts, Adams aliipinga magazetini mwaka 1773. Anayeshika mshahara wa jaji na kumwondoa atakavyo ameshashika hukumu. Hilo nalo liliingia kwenye katiba ya 1780: jaji akae kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake uwekwe na sheria.

Msimgeuze malaika, lakini. Mwaka 1798, akiwa rais, alitia saini sheria iliyowafunga wahariri kwa kuiandika vibaya serikali. Hapo wakili alikuwa amelala, nami sijawahi kuona utetezi wake unaonishawishi.

Kesho saa mbili, kabla hamjaenda masjala, kila mmoja aniletee hati aliyoandika. Nitaanza kusoma pale juu kabisa, kwenye jina la mahakama na wilaya.