Kontena la Kilindini

Dadangu, wauliza kama huyo bwana aliyekukopa pesa za kutoa kontena bandarini Kilindini kisha akazima simu ana ule ugonjwa wa kutojali watu, na kama akitibiwa atabadilika. Hilo muachie daktari wa akili, hata yeye hampi mtu jina hilo kabla ya miaka 18, na lazima vituko viwe vilianza kabla ya 15, na dawa yake maalum hakuna, halafu matapeli wengine wazima kabisa, roho mbaya tu. Wewe shughulika na pesa. Meseji za M-Pesa usifute hata moja, na zile za "mpenzi ongeza kidogo ushuru umepanda" pia, peleka polisi, hiyo ni kesi ya kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu 313 cha sheria ya adhabu ya Kenya, mpaka miaka 3 ndani. Na akipiga usiku analia usishike.