Mjamzito na kuosha pua kwa maji ya chumvi: cha kuogopa si chumvi, ni maji yenyewe

Dadangu, umesema una mimba ya miezi mitano, mafua yamekubana, usiku hulali kwa pua kuziba, nesi wa kliniki kakwambia uoshe pua kwa maji ya chumvi na wewe moyo unakataa, unaogopa yasije yakapanda kichwani ama yakamfikia mtoto, na hapo nyumbani wanakwambia wachana na mambo hayo. Mie ni mama wa hapa Lamu, yalinipata hayo hayo kwenye mimba yangu ya pili, msimu wa kusi, upepo na baridi ya asubuhi, kila nyumba ina mtu anapiga chafya. Nakujibu kwa urefu manake ukiambiwa tu "haina shida" najua roho haitulii.

Hofu yako si upuzi. Mwenye mimba akiambiwa atie kitu chochote mwilini anamfikiria mtoto kwanza na ndivyo inavyotakiwa. Lakini nionavyo mie hofu hii wengi wetu tunaipeleka sipo. Tunaogopa ile chumvi na kule kumimina, wala hatuulizi maji yametoka wapi. Tunaogopa kuosha pua, halafu jirani akileta tembe za mafua zilizobaki kwake tunameza usiku huo huo. Kwangu mie mambo ni kinyume, chumvi na maji yaliyochemshwa ndio kitu salama zaidi ya vyote utakavyoshauriwa, na hizo tembe ndizo za kuuliza mara mbili.

Mavyaa wangu, Mungu amuweke, aliposikia alishika kichwa. "Mwanangu, mai yatakupanda kitwani!" Sikumbishia, nilimuuliza tu, mama, na udhu tunaochukua mara tano kwa siku, si tunapandisha maji puani tukayatoa? Akanyamaza kidogo akasema lakini hayo ni kidogo. Ni kweli ni kidogo, lakini njia ni ile ile. Maji yanaingia tundu moja, yanazunguka nyuma ya pua pale juu ya koo, yanatokea tundu la pili, na mengine yanateremka kooni unayatema. Baina ya pua na ubongo pana mfupa, maji ya chumvi hayachuruziki tu kwenda kichwani. Na mtoto yuko kwenye mji wa uzazi, hana njia yoyote na pua yako. Ukimeza funda kwa bahati mbaya linakwenda tumboni kama mchuzi uliozidi chumvi kidogo, basi. Na zile chafya zinazokutoka baadae mpaka unashika tumbo, nazo hazimdhuru, yuko ndani ya maji yake kajikalia.

Jambo jengine ambalo kliniki sikuelezwa mpaka nilipouliza mwenyewe: pua ya mwenye mimba huziba hata bila mafua. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo, homoni zinabadilika, na mishipa midogo ya ndani ya pua inavimba. Inawapata kama mmoja katika kila wajawazito watano hivi, inaweza kuendelea wiki sita na zaidi, na kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Kwa hivyo mafua yako yakiisha na pua bado nzito usidhani umepata ugonjwa mkubwa. Hali hiyo nayo inasaidiwa na kuosha kwa chumvi. Hata Italia kuna madaktari walioandika 2010 juu ya wajawazito wenye mzio wa pua, waliokuwa wakiosha kwa maji ya chumvi walipata nafuu na wakahitaji dawa chache zaidi. Lakini nisikudanganye, kuosha hakuui virusi, mafua yatakwenda siku zake saba mpaka kumi. Unachopata ni kupumua, na ukiwa mzito, usiku mmoja wa kulala ni kitu kikubwa.

Sasa maji, hapa ndio nataka unisikize sana.

Maji ya kisima, ya bomba, ya kwenye birika la msalani lenye vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, yote hayo usiyatie puani kwa kuosha hivi, hata kama ndiyo unayokunywa na hayajawahi kukuuma tumbo. Kuna kijidudu kidogo sana kinachoishi kwenye maji ya vuguvugu, kinaitwa Naegleria fowleri. Ukikinywa hakina neno. Lakini kikiingia puani na maji mengi, kinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, na akishaambukizwa mtu ni nadra sana kupona. Marekani, jimbo la Louisiana, 2011 walikufa watu wawili waliokuwa wakiosha pua kwa maji ya bomba ya nyumbani kwao, na Karachi kule Pakistan wamefariki watu ambao hata kuogelea hawakuogelea. Ni nadra, nadra sana, sikutishi, lakini ndio ile "kupanda kitwani" ya mavyaa wangu imepata ukweli wake hapo, kinachopanda ni kijidudu cha maji mabichi, si maji yenyewe, na dawa yake ni rahisi kabisa: jiko.

Chemsha maji mpaka yatokote hasa, yaache yatokote dakika 1 kamili (huku pwani inatosha, wale wa juu milimani kupita mita 2,000 ndio waende dakika 3), funika, yaache yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo. Maji ya chupa ya dukani nayo chemsha, yale ni ya kunywa, hayakuandikwa popote kwamba hayana vijidudu. Yaliyobaki yatumie siku hiyo hiyo, kesho chemsha mengine. Mie nilikuwa nachemsha pamoja na maji ya chai ya jioni, nayatenga kwenye sufuria yake nimeyafunika, wakati wa kulala yashakuwa vuguvugu, na uvuguvugu unaotakiwa ni ule wa maji ya kumuoshea mtoto mchanga, jaribu na ndani ya kiwiko.

Chumvi, kwa kikombe cha robo lita weka nusu kijiko cha chai, cha msawazo, hata chini yake kidogo. Ongeza na bekingi soda ya kubana kwa vidole, inapunguza kuwasha. Bekingi soda lakini, sio bekingi pauda wala hamira! Chumvi ya dukani kwetu Kenya imetiwa madini joto kwa sheria na mara nyingine ina vitu vya kuifanya isigande, watu wengine inawawasha, kwa hivyo ukipata isiyotiwa kitu ni bora. Kama huna, famasi zinauza maji ya salaini tayari na hata matone ya watoto ya chumvi, muulize mwenye duka akuonyeshe yasiyo na dawa ndani, ni chumvi na maji tu. Na usijaribu maji matupu yasiyo na chumvi, hayo ndiyo yanachoma mpaka machozi, wengi wanaojaribu mara moja wakaapa hawarudii ni kwa sababu hiyo, maji yalikuwa matupu ama baridi.

Chombo mie nilitumia sirinji ya mililita 20, ile ya famasi bila sindano. Kuna wenye vibuli vyao maalum vya mdomo mrefu na kuna chupa za plastiki za kubinya, yote sawa, muhimu kiwe chako peke yako, ukioshe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa kila ukitumia na ukiache kikauke wazi.

Sasa namna. Ukiwa na tumbo usijikunje juu ya sinki, utabanwa na kiungulia kitapanda. Mie nilikaa kwenye kigoda, miguu nimeitanua, karai mbele yangu, nikainama kidogo tu kutoka kiunoni, kichwa nikakilaza upande kama ninayetaka kulaza sikio begani. Mdomo wazi, pumua kwa mdomo, sema "aaa" mfululizo, hiyo "aaa" ndiyo inafunga njia ya kooni. Tundu la juu unaingiza ncha ya sirinji bila kusukumiza ndani, unabinya polepole. Mara ya kwanza nilihisi maji yamesimama pale nyuma ya pua, nikataka kuacha, halafu sikio likafanya "pu", na kwenye tundu la chini ikatoka kwanza tone tone, kisha maji, kisha uzi mzito wa makamasi ya kijani uliokataa kukatika mpaka nikauvuta na kitambaa. Nikageuza upande wa pili. Nilipoinua kichwa jikoni wifi yangu alikuwa anakaanga mahamri, na nikasikia harufu ya iliki ambayo siku zote hizo sikuwa naisikia.

Baadae usipenge kwa nguvu tundu zote mbili, maji yataingia masikioni, penga pole pole moja moja. Usilale papo hapo, kaa nusu saa hivi, kuna maji yanabaki na yanaweza kuteremka ghafla ukiinama, hilo nalo linawatisha watu kumbe ni kawaida. Mara moja ama mbili kwa siku inatosha. Pua zikiwa zimeziba kabisa pande zote mbili hata hewa haipiti, usilazimishe, oga maji ya moto kwanza ama kaa msalani na mvuke, zikilegea ndio uoshe. Ukiwa na maumivu ya sikio usioshe mpaka uangaliwe. Damu kidogo puani kwa wajawazito ni kawaida kwa vile mishipa imevimba, lakini ikitoka nyingi ama haikomi hiyo ni ya hospitali.

Kama uko kwenye mwezi wa Ramadhani na unafunga, oshea baada ya kufuturu, hata kwenye udhu tumefundishwa mfungaji asizidishe kupandisha maji puani.

Niguse haraka vile vitu vyengine utakavyoletewa. Kujifukiza chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayotokota, ukiwa mzito mie sipendi, joto linazidi na nimeona mtu aliyeungua mapaja. Chetezo cha udi na ubani kiondoe chumbani unakolala, nakupenda dada lakini moshi ndio unaziba pua zaidi, nukiza nguo zako mchana mlango uko wazi. Mwarobaini usinywe kabisa na mimba. Tangawizi kwenye chai, ndimu na asali, hivyo havina neno. Panadol ni sawa kwa kipimo ulichoandikiwa, lakini Brufen na wenzake wiki ya 20 na kuendelea waachie, zinaweza kugusa figo za mtoto na kupunguza maji yake. Tembe za mafua zilizochanganywa dawa ya kuzibua pua usinunue bila kumwambia famasia kuwa una mimba, hasa ile miezi mitatu ya mwanzo. Na yale matone makali ya kuzibua pua, yakipita siku chache pua inayazoea na inaziba kuliko mwanzo.

Jambo la mwisho na nakuomba ulitie maanani kuliko hata hiyo chumvi. Uko pwani, una mimba, ukipata homa usiseme ni mafua tu. Nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama pua inatiririka, manake vyote viwili vinaweza kuja pamoja na malaria na mimba havikai. Na kichwa kikikuuma, cha mafua huwa ni mzigo kwenye paji la uso na mashavuni, unazidi ukiinama. Lakini ukiumwa kichwa kikali kisichopoa, macho yanaona ukungu ama vimulimuli, uso na mikono vimevimba, ama maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo si pua tena, huenda ni presha ya mimba, usikae kuosha pua, toka hapo uende upimwe presha na mkojo hata kama ni usiku, hata kama ni kwa boti. Kifua kikibana, ukishindwa kupumua, ama mtoto ukimuona amepunguza kucheza, vivyo hivyo.

Kama tayari kliniki walikuandikia kuwa presha yako iko juu, mwambie nesi kabla ya kuanza, mara nyingi watakuruhusu kwa vile chumvi unayoitema haikai mwilini, lakini wajue. Leo chemsha hayo maji na chai ya jioni, yatenge, na kama unaogopa kumimina sirinji nzima anza na mililita tano tu kila upande umwite mumeo ama dadako akae karibu akushikie taa. Ukikwama niandikie umekwama wapi, kwenye "aaa" ama kwenye kuinamisha kichwa, nitakuelekeza.