Jibu: Raga ya noti nne tu ipo kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama raga (mpangilio wa noti unaobeba wimbo) ya Karnatiki, muziki wa kale wa India Kusini, inaweza kusimama kwa noti nne tu. Inaweza, na inaitwa Mahati. Aliiunda M. Balamuralikrishna (1930–2016), mwimbaji mzaliwa wa Andhra, akaipa jina la vina (ala ya nyuzi) ya Narada, yule mjumbe wa miungu wa Kihindu.

Noti zake ni sa, ga, pa, ni, kupanda na kushuka vilevile. Kwenye kinanda bonyeza do, mi, sol, si bemoli. Kimapokeo raga huhitaji angalau noti tano, kwa hiyo ubishi ulikuwa mkali, S. Balachander, bingwa wa vina, alimpinga hadharani. Mimi nasimama na Balamuralikrishna. Kwa kuwa noti nyingine tatu, ri, ma na dha, hazipo, raga hii ingeweza kutoka katika skeli mama 12 kati ya zile 72 za noti saba ambazo raga za Karnatiki hutokana nazo, na sikio halipewi jibu ni ipi. Utamu wake uko hapo hapo! Mwimbaji naye hana pa kupumzikia, ni kuruka mapengo mapana bila kuteleza.

Anza na "Athisaya Ragam" wa filamu Apoorva Raagangal (1975), sauti ya Yesudas. Mwishoni wimbo unahamia Bhairavi, raga nyingine, usije ukachanganyikiwa.