Feni ya oveni: ZZ au 2RS?

Fundi, kama feni ya oveni ya mikate inakula beringi ya 6205 2RS (iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili) kila mwezi na umepima nyuzi 140 pale beringi inapokaa, beringi haina kosa. Umeiweka mahali pasipo pake. Mpira wa kawaida wa nitrili mwisho wake ni kama nyuzi 100. Ukizidi hapo unakakamaa na kupasuka.

Chukua ZZ, yenye vifuniko vya bati. Bati halijali joto hilo, wala haligusi ringi ya ndani.

Ila usiishie hapo, na hapa ndipo wengi tunapoliwa. ZZ nyingi za dukani zina grisi ya lithiamu. Kwa nyuzi 140 itakauka mapema, na kuongeza huwezi kwa sababu imefunikwa. Ulizia yenye grisi ya poliurea. Ukikaribia 200 ni PFPE, grisi ya sintetiki ya joto kali, na bei yake itakutoa jasho kuliko hiyo oveni.

Halafu soma herufi za mwisho za namba ya beringi. Shafti ikipata moto, ringi ya ndani hutanuka kuliko ya nje na gololi zinabanwa, kwa hiyo nunua C3 kwa uchache, yenye nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida. S0 maana yake ringi zimeandaliwa kuhimili nyuzi 150 bila kubadilika vipimo. Kizimba, kile kinachotenganisha gololi, kiwe cha chuma. Ukiona TN, ni plastiki, rudisha.

Bati huacha upenyo mdogo, vumbi la unga litapita. Ukiweza, refusha shafti beringi ikae mbali na ukuta wa oveni.