Kwa nini gari la mbio hutoka pichani kama limeegeshwa?

SWALI: Nilipiga picha Kasarani wakati wa Safari Rally kwa kasi ya shata ya 1/4000, yaani shata ya kamera ilifunguka kwa sehemu hiyo tu ya sekunde. Magari yalitoka safi, lakini utadhani yameegeshwa. Niliposhuka hadi 1/60, yote yakawa ukungu mtupu. Nimeshauriwa ninunue kamera ya fremu 20 kwa sekunde na nisogee hadi ukingoni mwa kona. Nifuate ushauri huo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiufuate, hasa sehemu yake ya pili.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo hata kamera hiyo ya fremu 20 huliacha likate mita 1.4 kati ya fremu moja na nyingine. Kama mkono wako haujui kulifuata, utapata picha 20 mbovu badala ya moja. Kwa 1/4000 gurudumu huzunguka digrii moja tu na ushee, ndiyo maana spoki za rimu zilisimama tuli. Kwa 1/125 huzunguka karibu digrii 40, na hapo macho huona mwendo. Anza na 1/250, ushuke taratibu, huku ukizungusha kiwiliwili kuanzia kiunoni na kuendelea kulifuata gari hata baada ya kubonyeza. Fokasi, yaani mfumo wa kamera unaochagua kitu cha kutoka kikali, iweke kwenye kundi dogo la nukta za katikati na uipunguzie wepesi wa kuhama, la sivyo itaparamia kila simu inayoinuliwa mbele yako.

Linaloniudhi, kwa sababu naulizwa kila msimu, ni imani kwamba ukaribu huzaa picha kali. Ukisimama mita 10 kutoka njiani, pua na mkia wa gari havipiti mbele yako kwa kasi moja ya mzunguko, kwa hiyo kamera haiwezi kuvifuata vyote kwa pamoja. Utalenga namba ya mlangoni, nayo itatoka safi, lakini bampa zote mbili zitafutika. Rudi nyuma hadi mita 30 kwa lenzi ya milimita 200, ya kuvuta vitu vya mbali: kasi ya kuzungusha kamera inapungua hadi theluthi, na gari zima linatulia ndani ya fremu. Kwa hiyo ukingo wa kona huharibu picha kwanza, kabla hata hatujazungumzia usalama wa miguu yako.

Tena upande wa nje wa kona ndiko gari huishia tairi zinapopoteza mshiko, na hilo halihitaji hesabu. Machi 1986, katika Rally ya Ureno karibu na Sintra, watazamaji walikuwa wamejazana hadi barabarani, wengine wakiwa na kamera mkononi, pale gari la mbio la Ford RS200 lilipoteleza na kuwaingia. Watatu walifariki na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Hata hivyo, bado wako watu wanaouza mafunzo ya siku moja na “mipangilio ya siri”, huku wakiwahimiza vijana kuvuka utepe wa kuwazuia watazamaji kwa ajili ya picha ya kuwekwa mtandaoni. Huo si ufundi, na anayewalipa ananunua hatari ambayo mwalimu mwenyewe hatakuwapo kuibeba. Tafuta mwinuko nyuma ya utepe, penye njia wazi ya kuondokea, na msimamizi akipuliza filimbi, shusha kamera uhame, hata kama gari ulilolisubiri asubuhi nzima ndilo linalofuata.