Unyeti wa Kipimo cha Lipidi Huanzia Kwenye Barafu

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuandaa sampuli za seli kwa ajili ya kupima lipidi (molekuli za mafuta) zinazopeleka ishara, hasa prostaglandini, ambazo seli huzitoa kwa kiasi kidogo mno pale panapotokea jeraha au uvimbe. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza kuhusu mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, nami huwaomba wanioneshe namna wanavyokwangua seli kwenye sahani zinakooteshwa.

Prostaglandini haikai ndani ya seli ikisubiri kupimwa. Hutengenezwa papo hapo, pale kimeng'enya cha fosfolipasi kinapochomoa asidi ya arakidoni kwenye utando wa seli, kisha saiklooksijenasi, ambayo ndiyo aspirini huizuia kama John Vane alivyoonesha mwaka 1971, ikaanza kuigeuza kuwa prostaglandini. Kukwangua seli ni kuzijeruhi, na seli iliyojeruhiwa huitikia. Katika jaribio langu la kwanza, sahani ambazo hazikuchochewa kwa chochote zilitoa prostaglandini E2 karibu sawa na zile zilizochochewa. Niliilaumu mashine kwa wiki mbili, hadi nilipojipima kwa saa nikaona kwamba kila sahani ilikaa mezani, kwenye joto la chumba, karibu dakika nne.

Siku hizi nakusanya kwanza maji ya lishe yanayozilea seli, kwa kuwa sehemu kubwa ya prostaglandini hutoka nje ya seli, kisha namimina mara moja methanoli iliyopoozwa kwenye barafu kavu (kaboni dioksidi iliyoganda), ndipo nakwangua. Ndani ya methanoli hiyo, na ndani ya chupa ya maji ya lishe pia, natangulia kuweka kiasi ninachokijua cha prostaglandini E2 yenye atomi 4 za deuteriamu, yaani hidrojeni nzito. Mashine huitambua ile ya kawaida kwa uzito wa 351 unaovunjika na kutoa 271, na ile nzito kwa 355 inayotoa 275. Kwa kuwa zote mbili hupotea kwa kiwango kimoja njiani, uwiano wake hubaki wa kuaminika. Ukiiongeza mwishoni, kama wengi wanavyofanya, haitakuambia ulichopoteza wakati wa kukamua, yaani kuitoa lipidi kwenye sampuli.

Usifupishe muda wa safu ya kutenganisha, yaani bomba ambamo molekuli hutengana kabla ya kuingia kwenye mashine. Prostaglandini D2 ina uzito uleule na huvunjika vilevile, hivyo ni safu pekee itakayokutofautishia.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na methanoli huchemka hapa kabla ya kufika nyuzi 65 zilizoandikwa vitabuni, kwa hiyo muda wa kukausha methanoli ulioandikwa na mtu wa pwani utakuharibia sampuli: lipidi iliyokauka kupita kiasi hung'ang'ania kioo na kuharibiwa na oksijeni. Mimi husimama pale pale, nikipuliza naitrojeni taratibu, na kuondoa kichupa mara tu tone la mwisho linapotoweka.

Mashine tunayoitumia iko mbali, nasi husafirisha kwa basi, kupitia Kitonga, dondoo zilizokwisha kukamuliwa, zikiwa kwenye barafu kavu. Katika kila kundi naweka sahani moja isiyo na seli, iliyopitia hatua zote. Nayo ikionesha prostaglandini, kundi zima narudia kuanzia kuosha vyombo.